Nilifanya kazi Riyadh miaka 7: jibu kwa anayeuliza kama nchi za mafuta bado zina nafasi kwetu

Mdogo wangu, umeandika kwamba una miaka 26, una cheti cha ufundi wa viyoyozi, una mke na mtoto mmoja, na umepewa mkataba wa miaka 2 wa kwenda Riyadh kwa mshahara wa riyali 2,000 kwa mwezi. Unachotaka kujua ni kama inafaa kwenda wakati huu, ambapo Saudia yenyewe inasema haitaki tena kuishi kwa mafuta peke yake. Baadhi ya waliokujibu wamekuhimiza uende kwa kuwa huko kunajengwa miji mipya, na wengine wamekukanya kwa visa vya mateso. Mimi nilifanya kazi ya umeme katika mji huo kuanzia 2013 hadi 2020, miaka ambayo mabadiliko hayo yalianza na kushika kasi, na nitakueleza nilivyoyaona nikiwa kambini pamoja na wafanyakazi wenzangu.

Nilipofika, pipa moja la mafuta lilikuwa likiuzwa kwa zaidi ya dola 100, na kila ulikogeuza macho Riyadh palikuwa na winchi za ujenzi. Niliajiriwa na kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa, na hiyo kubwa ilikuwa ikilipwa na serikali, ambayo nayo ilikuwa ikilipwa na kisima cha mafuta. Sikulifikiria jambo hilo hata siku moja, kwa sababu mshahara wangu wa riyali 1,800, ambao wakati huo ulikuwa kama shilingi 41,000 za Kenya, ulikuwa ukiingia kila mwezi bila kukosa. Katikati ya 2014 bei ya mafuta ilianza kuporomoka, na kufikia Januari 2016 pipa lilikuwa chini ya dola 30. Serikali ikapunguza matumizi na kuchelewesha malipo ya makandarasi, makandarasi wakawachelewesha waliowapa vibarua vidogo, na mwisho wa mnyororo huo tulikuwa sisi. Mshahara ulianza kuchelewa kwa siku 10, kisha kwa mwezi mzima, na kuanzia Februari 2016 haukuja kabisa kwa miezi 7.

Naomba ulielewe jambo hili vizuri, kwa sababu watu husema "mshahara ulikwama" kana kwamba ni fedha tu zilizokosekana. Ikama yangu, yaani kibali cha ukaazi, ilimalizika muda mwezi Aprili na kampuni haikuwa na fedha za kuihuisha, na mtu asiye na ikama hai hawezi kutumia akaunti yake ya benki, hapokelewi kwa urahisi hospitalini, na akisimamishwa barabarani huhesabiwa kuwa mkosaji. Kwa sheria ya ukafili, inayomfunga mgeni kwa mwajiri anayemdhamini (kafili), ilivyokuwa wakati huo, sikuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine wala kutoka nchini bila idhini ya yule yule aliyeshindwa kunilipa. Tulikula kwa mkopo kwenye bakala, yaani duka dogo lililokuwa nje ya kambi, ambalo mwenyewe alikuwa Myemeni mwenye watoto 5 kwao. Siku moja nilipokwenda kuchukua mchele na dengu, hakusema neno. Aligeuza daftari lake likanitazama mimi, akaweka kidole chini ya jina langu, nikasoma mwenyewe: riyali 640. Nilirudisha mchele kwenye rafu nikachukua dengu peke yake. Yeye naye alikuwa mgeni anayetuma fedha nyumbani, na deni langu lilikuwa chakula cha watoto wake.

Ilikuwa katikati ya hali hiyo, tarehe 25 Aprili 2016, ambapo mwanamfalme Mohammed bin Salman alitangaza Dira ya 2030, mpango wa kuitoa Saudia kwenye utegemezi wa mafuta. Tuliitazama kwenye runinga ya bwalo la chakula, na mwenzetu mmoja Msudani akatutafsiria. Maelezo yalikuwa ya kuvutia: nchi itajenga utalii, viwanda, madini na burudani, sehemu ndogo ya hisa za Aramco, kampuni ya mafuta ya serikali, itauzwa, na fedha zitawekezwa kwingine ili siku mafuta yatakaposhuka bei nchi isitetereke tena. Wengi wetu tulifurahi kwa dhati, kwa sababu tulisikia neno "kujenga" tukadhani tunaitwa sisi. Hatukusikia neno lililokuwa kando yake, nalo ni ajira kwa raia, na kwangu hilo ndilo kiini cha mpango mzima.

Mwaka huo huo, kuanzia Septemba, kazi ya kuuza na kutengeneza simu za mkononi ilitengwa kwa Wasaudi peke yao. Mtaa wa Batha, ambako wageni wa kila taifa hununua na kutengenezewa vitu vyao, nilimfahamu fundi Mbangladeshi aliyekuwa na meza yake kwa miaka mingi. Nilipokwenda kumtazama, meza ilikuwa imefunikwa turubai, na yeye alikuwa akiuza hadubini yake ya kutengenezea simu kwa bei ya kutupa. Kuanzia Septemba 2018 utaratibu unaokaribiana na huo, wa kutaka asilimia 70 ya wafanyakazi wawe Wasaudi, uliingia kwa awamu katika maduka ya aina nyingine 12, yakiwemo ya nguo, samani na vipuri vya magari. Juni ya mwaka huo wanawake waliruhusiwa kuendesha magari, jambo ambalo ni haki yao na niliwafurahia, lakini madereva wa majumbani niliowajua walianza mara moja kuhesabu miezi waliyobakiwa nayo.

Kisha zikaja ada, na kwa kuwa una mke na mtoto, zingatia sehemu hii. Kuanzia Julai 2017 mgeni alitakiwa kulipia kila mtegemezi anayeishi naye huko riyali 100 kwa mwezi, na kiwango kilipanda kwa riyali 100 kila mwaka hadi kufika 400 mwaka 2020. Rafiki yangu mhasibu, mwenye mke na watoto 3, alipiga hesabu akaona kwamba kufikia 2020 angedaiwa riyali 1,600 kila mwezi kwa ajili ya ruhusa tu ya kuishi na familia yake, kabla ya kodi ya nyumba na karo. Aliwasindikiza uwanja wa ndege mwaka wa pili wa ada hiyo. Kodi ya ongezeko la thamani nayo haikuwepo nilipofika; ilianza Januari 2018 ikiwa asilimia 5, na Julai 2020 ikapandishwa hadi asilimia 15. Serikali isiyotaka kutegemea mafuta lazima ipate mapato kwingine, na mgeni ni mmoja wa hao "kwingine". Kwa hiyo usipokee hesabu ya riyali 2,000 uliyopewa kama hesabu iliyokamilika, hasa kama unawaza kumchukua mke wako baadaye.

Sisemi haya kwa chuki. Nilipopata kazi ya matengenezo hotelini mwanzoni mwa 2017, baada ya wizara ya kazi kuruhusu wafanyakazi wa kampuni zilizokwama wahame bila ridhaa ya kafili, nilipewa kijana wa Kisaudi wa miaka 22 nimfundishe kusoma michoro ya umeme na kupima hitilafu. Alikuwa na bidii, alinibebea ngazi bila kuambiwa, na aliniuliza maswali mazuri kuliko niliyowahi kuuliza mimi nilipokuwa mwanagenzi. Nilijua kwamba ninamfundisha mtu atakayekaa mahali pangu, na bado sikuona dhuluma yoyote. Sensa yao ya 2022 ilihesabu watu milioni 32.2, na takriban milioni 18.8 kati yao ni raia, ambao zaidi ya asilimia 60 wana umri wa chini ya miaka 30. Nchi yenye vijana wengi kiasi hicho, ambayo kwa muda mrefu iliwaajiri watu wake serikalini kwa fedha za mafuta, haina njia nyingine ila kuwaingiza katika kazi zilizokuwa zikifanywa na sisi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaozungumza juu ya nchi za Ghuba kana kwamba ni nchi moja. Dubai iligundua mafuta mwaka 1966, lakini yalikuwa machache, na watawala wake walilijua hilo mapema. Walijenga Bandari ya Rashid mwaka 1972, kisha Jebel Ali mwaka 1979, na mwaka 1985 wakafungua eneo huru la biashara na kuanzisha shirika la ndege la Emirates. Kwa kuwa raia wa huko ni wachache sana, kila mlango mpya wa uchumi ulihitaji mgeni wa kuufungua. Saudia inafanya jambo linalofanana kwa jina, lakini kwa nia tofauti: inataka mlango mpya ufunguliwe na raia wake, na mgeni abaki pale tu ambapo raia hajafika bado. Swali lako la msingi, basi, liwe ni kwa nani uchumi huo unapanuliwa, na kazi yako itabaki upande gani wa mstari kwa miaka 2 hiyo.

Watu wa Ghuba wanajua maana ya kutegemea kitu kimoja kuliko tunavyodhani. Kabla ya mafuta waliishi kwa lulu, na Wajapani walipoanza kuuza lulu za kufugwa, na mdororo wa uchumi wa dunia wa 1929 ukaja juu yake, bandari nzima nzima zilikosa chakula. Wakati ule majahazi yao yalikuwa yakishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na kurudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko za kuezekea nyumba zao. Waomani wengi walihamia pwani yetu kutafuta maisha, na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, wakati mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje, wengi wa kizazi chao walirudi. Ndiyo sababu hadi leo utasikia Kiswahili sokoni Muscat. Njia hii tunayoisafiri ni ya zamani, na upepo wake umewahi kugeuka.

Sasa niseme lililoniuma zaidi, ambalo hukuliuliza. Kabla sijasafiri, kaka yangu alikuwa na mashua na nyavu, na ingawa kipato chake kilikuwa kidogo, kililisha watu. Nilipoanza kutuma fedha kila mwezi, nilimwambia apumzike, kwa kuwa bahari ilikuwa ikimchosha na mimi nilikuwa na uwezo. Nilisema hivyo kwa mapenzi na kwa fahari kidogo pia. Mshahara uliposimama mwaka 2016, karo za watoto wetu, dawa za mama na chakula cha nyumba mbili vilisimama siku hiyo hiyo, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimening'inia kwenye mkono mmoja uliokuwa mbali. Kaka alikwenda kuitoa mashua ufukweni, akakuta imekaa juani muda mrefu mno: mbao zimekauka na kuachana, na kalafati imetoka kwenye nyufa kiasi kwamba ungeweza kupitisha kidole. Hakukuwa na fedha za kuitia kalafati mpya. Mimi nilikuwa nimeifanyia familia yangu kile kile ambacho mafuta yaliwafanyia wenyeji wangu, nami sikuwa na dira yoyote.

Nilipoanza kulipwa tena, fedha za kwanza baada ya deni la bakala zilikwenda kwa fundi wa mashua. Tangu hapo nilituma nyumbani kiasi kisichozidi theluthi mbili, na iliyobaki niliiweka kwenye Sacco kwa jina langu, hata mama aliponilaumu kwamba nimebadilika. Alikuwa na haki ya kulaumu, lakini sikulegea, na niliporudi 2020 wakati hoteli zilipofungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa na mtaji wa duka la vifaa vya umeme, na kaka alikuwa baharini.

Kwa hiyo, nenda, lakini nenda kwa muda unaoujua. Ufundi wa viyoyozi ni miongoni mwa kazi ambazo bado zinamhitaji mgeni, kwa sababu kila hoteli na uwanja wanaoujenga lazima upozwe katika joto linalopita nyuzi 45, na mtu anayeweza kutengeneza mitambo mikubwa ya kupoza jengo zima, si vile vidogo vya ukutani peke yake, haachwi haraka. Tangu Machi 2021 mfanyakazi wa kampuni binafsi anaweza kuhama mwajiri baada ya kutimiza mwaka mmoja bila ridhaa ya mwajiri wa kwanza, na anaweza kuomba mwenyewe kibali cha kutoka nchini. Mageuzi hayo hayakuwahusu wafanyakazi wa majumbani, madereva wa nyumbani, watunza bustani wala wachungaji. Pasipoti yako usimwachie mwajiri, kwani sheria yao haimruhusu kuishika, na mkataba wako uone kwamba umeandikishwa kwenye Qiwa, mfumo wa serikali yao wa mikataba ya kazi mtandaoni, kabla ya kuanza kazi.

Mwisho, mwambie wakala akuonyeshe viza yenyewe, usiridhike na maneno yake, kisha mtafute mtu anayesoma Kiarabu akusomee nafasi ya kazi iliyoandikwa humo. Mimi nilikuwa na cheti cha umeme kama ulivyo na cheti chako, lakini kwenye viza yangu waliandika "amil", yaani kibarua. Sikulijua neno hilo nilipotia alama ya kidole uwanja wa ndege wa Riyadh, na nililipwa kwa neno hilo kwa zaidi ya miaka 3.