Yaya, usikope ili ujaze duka RAM

Yaya, mkubwa wangu, umeuliza kwa nini RAM, memori ya kompyuta, imepanda bei hivi, na kama ukope dola ununue nyingi kabla haijapanda tena. Usikope.

Karibu RAM yote duniani inatoka kwa makampuni matatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Mwaka 2023 mzigo ulizidi wanunuzi, bei ikaanguka, biashara ya memori ya yote matatu ikaingia hasara, yakapunguza uzalishaji. Kisha ikaja akili mnemba. Vituo vya data vinataka HBM, memori ya kasi kubwa, inayokula silikoni (malighafi ya chipu) karibu mara tatu ya RAM ya kawaida, lakini inalipa vizuri zaidi, basi makampuni yakaigeukia. SK Hynix ilitangulia kuiuzia Nvidia, kampuni ya chipu za akili mnemba, na mwanzoni mwa 2025 ikaipita Samsung kwa mapato ya DRAM, yaani aina ya memori inayotumika kwenye RAM na HBM. Desemba 2025 Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wateja wa kawaida. Sisi wa soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi tuko mwisho kabisa wa foleni!

Kiwanda kipya huchukua miaka, basi nafuu haiko karibu. Ila wakishamaliza kujenga wote kwa pamoja, bei inaweza kuporomoka, na deni lako litakuwa palepale.

Mimi ningenunua laptopu zilizokufa skrini, nitoe RAM (chunguza kwanza, nyingi za sasa imechomelewa ubaoni), nisafishe meno yake kwa kifutio, niipime usiku kucha kwa Memtest, programu ya kupima RAM, kabla ya kuuza. Na bei unayomtajia mteja asubuhi, mwambie ni ya leo tu.