Tundu la 0.8 kwa daiodi ya 1N4007 halitoshi

Mkuu wa Moshi, uliuliza kama tundu la milimita 0.8 kwenye bodi ya saketi linatosha daiodi ya 1N4007. Hilo linafaa rezista ya robo wati, mguu wake ni kama 0.6. Mguu wa 1N4007 unaweza kufika 0.9, toboa 1.1. Chukua unene wa juu wa mguu kwenye karatasi ya vipimo ya kifaa, ongeza 0.2. Pini za heda (safu ya pini za kuchomekea waya) ni za mraba wa 0.64, hivyo pima kona kwa kona: 0.9.

Pedi, yaani shaba inayozunguka tundu, usizifanye ndogo mno. Bodi ya upande mmoja unayojitengenezea nyumbani, shaba imeshikwa na gundi tu: biti ya kutobolea ikiyumba inakula ukingo, na ukirudia kulehemu pedi inabanduka. Tundu la 0.8 lipe pedi ya 2.0, la 1.1, angalau 2.4. Miguu ya IC (chipu) iliyobanana, fanya pedi za umbo la yai.