Nimehamia FL Studio mpya, ngoma za zamani hazilii

SWALI: Tangu nianze kutengeneza biti natumia FL Studio 12, programu ya kutengeneza muziki. Wiki iliyopita nimenunua kompyuta nyingine nikaweka toleo jipya. Nyimbo za zamani zinafunguka, ila dramu kimya, na kinanda kimoja naambiwa hakipo. Kazi yangu imepotea?
Prodyuza wa nyumbani, Tanga

JIBU: Haijapotea, ilimradi diski ya kompyuta ya zamani bado inasomeka. Faili ya flp, yaani wimbo unaouhifadhi kwenye FL, haibebi dramu zako. Inabeba maelekezo tu: noti hii ipigwe kwa sauti iliyo kwenye folda fulani. Folda isipokuwepo, kinachobaki ni jina la kiki (dramu nzito ya chini) bila mlio wake. Kinanda ni tatizo jingine kabisa, usiyachanganye.

Tuanze na dramu. Washa kompyuta ya zamani, fungua wimbo ndani ya FL 12, nenda File, halafu Export, uchague Zipped loop package. Utapata zip moja yenye flp pamoja na sampuli zake, yaani sauti zilizorekodiwa. Ihamishe kwa flashi. Mashine ikiwa imekufa lakini diski ni nzima, nakili folda yote ya sampuli. Kisha kwenye FL mpya ingia Options, File settings, uongeze folda hiyo chini ya Browser extra search folders. Ukifungua wimbo, programu itapekua humo yenyewe.

Kinanda sasa. Sytrus, Harmor, FPC na DirectWave ni ala (vyombo vya muziki vya kidijitali) za FL wenyewe. Zile ulizoongeza kutoka kampuni nyingine hazihami na wimbo. Zisakinishe upya, kisha Options, Manage plugins, Find installed plugins. Ala ya biti 32 (muundo wa zamani wa programu) kwenye Windows huendeshwa kupitia daraja linaloiunganisha na FL ya biti 64, na daraja hilo wakati mwingine huangusha wimbo mzima. Kwenye Mac za sasa ala hiyo haifanyi kazi hata kidogo. Kwa hiyo, kabla hujaiaga FL 12, toa kila wimbo kama WAV ya biti 24 ukiwa umeweka alama kwenye Split mixer tracks, ili kila njia ya mikisa itoke kama faili yake. Hata ala ikigoma, mlio wake unao.

Jambo moja huwaponza wengi: wimbo ukishahifadhiwa kwenye toleo jipya, usitarajie utafunguka sawasawa kwenye la zamani. Bonyeza Ctrl+N, ile ya kuhifadhi nakala mpya, uiache flp ya awali ilivyo. Kama leseni ni yako, Image-Line wa Ubelgiji hawakutozi tena kwa toleo jipya. Mwenye toleo la majaribio ajue anaweza kuhifadhi, lakini hawezi kukifungua tena alichohifadhi mpaka alipie.

SWALI: Nimerekodi vipigo vya msondo na chapuo nikaviweka kwenye FPC, ala ya pedi za dramu ndani ya FL Studio. Vinasikika kama mashine, na chakacha yangu haikai kwenye mita (hesabu ya mapigo ya wimbo).
Mombasa

JIBU: Umeweka pigo moja tu kwa kila pedi, sivyo? Mpiga chapuo hapigi mara mbili kwa nguvu ileile. Rekodi kila pigo mara tatu, la hafifu, la kati na la nguvu, uyapange matabaka matatu kwenye pedi moja: nguvu 0 hadi 50, 51 hadi 95, 96 hadi 127. Pedi zipo 32, zimegawanywa mafungu mawili ya 16, kwa hiyo nafasi ni tele. Ukimya ulio mwanzoni mwa kila rekodi ukate kwa Edison, kihariri cha sauti cha FL. Milisekunde 20 tu zinatosha kuifanya ngoma ionekane imechelewa. Pigo la wazi na la kuziba yaunganishe kwa mpangilio wa Cut, ili kiganja kikiziba ngozi mlio wa wazi ukatike papo hapo, kama kwenye ngoma halisi.

Kuhusu mita, badilisha iwe 6/8. Uwezo huo ulikuja na FL Studio 20, mwaka 2018. Mwendo unahesabiwa kwa robo noti. Mguu wa mchezaji ukigonga mara 100 kwa dakika, kila pigo la mguu lina robo noti moja na nusu, basi andika 150. Msondo unaweza kuunyoosha ukae kwenye mita kwa Ctrl+Q. Chapuo iache ilivyopigwa.

SWALI: Nikibonyeza kibodi ya MIDI (kinanda kinachounganishwa na kompyuta) sauti inachelewa. Nikipunguza bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuicheza) inakwaruza.
Nakuru

JIBU: Kwa sampuli (hapa ni vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 ni milisekunde 23, na ya 256 ni karibu 6. Bonyeza F10, ingia Audio, uchague draiva ya ASIO (programu ya kupunguza ucheleweshaji wa sauti) iliyokuja na kadi yako ya sauti. Unapopiga weka 256, unapomiksi rudisha 1024. Ikiendelea kukwaruza, tafuta ala nzito (Harmor yenye noti nyingi kwa pamoja hula prosesa sana), ibadilishe kuwa sauti kwa Consolidate, kisha izime.