Maswali ya Wasomaji: Bei ya Chini na Mwamba Usioonekana

SWALI: Habari za kazi. Najenga fremu sita za biashara Buhongwa, kiwanja kina mteremko. Makandarasi watatu wamenipa bei: milioni 58, milioni 79 na milioni 83. Wa milioni 58 anataka nusu kabla ya kuanza. Ndugu zangu wanasema nimchukue huyo, fedha itakayobaki ninunulie bati. Mnashaurije?
*Msomaji, Nyamagana*

JIBU: Dada, usisaini bado. Bei mbili zimekaribiana, ya tatu imeachwa nyuma kwa zaidi ya milioni 20. Pengo kubwa hivyo kwa kawaida maana yake kuna kazi ambayo haikuhesabiwa, na huwezi kuiona ikiwa kila mmoja amekuandikia jumla tu. Mpe mkadiriaji majenzi ramani zako aandae mchanganuo mmoja, yaani orodha ya kazi zote na vipimo vyake, wote watatu wajaze bei zao humo humo: uchimbaji na zege kwa mita za ujazo, nondo kwa kilo, ukuta kwa mita za mraba.

Ukirudishiwa, anza na mstari wa uchimbaji. Kwenye miteremko ya Mwanza udongo wa nusu mita unaweza kuwa umelalia jabali. Anayeweka bei ya udongo penye mwamba atashinda kazi, kisha wiki ya pili alete madai ya kuvunja mawe wakati mitaro iko wazi na huna pa kukimbilia. Kwa hiyo chimba kwanza mashimo ya majaribio, pembe nne na katikati, kina cha mita moja na nusu au mpaka ugonge mwamba, na uandike kina cha kila shimo. Mchanganuo uwe na mistari miwili, kuchimba udongo na kuvunja mwamba, kila mmoja na bei yake kwa mita ya ujazo.

Mashimo hayo yanaokoa na jengo lenyewe. Msingi ukikaa nusu juu ya mwamba na nusu juu ya udongo, upande wa udongo utadidimia, wa mwamba hautasogea, na ukuta utapasuka pale pande mbili zinapokutana. Mhandisi akijua mapema atashusha msingi wote hadi kwenye mwamba au ataligawa jengo kwa kiungo, yaani mwanya unaoacha kila upande usogee peke yake.

Pima pia saruji. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hula mifuko sita na kidogo ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Mita 20 zinataka mifuko kama 126. Aliyeandika 80 ama atakuongezea bei baadaye ama atapunguza saruji kwenye zege.

Nusu ya fedha kabla ya kazi, hapana. Malipo ya awali yasizidi asilimia 10 hadi 15, tena kwa dhamana ya benki, yaani ahadi ya benki kukurudishia fedha hiyo mkandarasi akishindwa. Yanayofuata yalipwe kazi ikishapimwa: msingi na jamvi (sakafu ya zege), kuta hadi lenta, kupaua, kisha umaliziaji. Katika kila malipo shikilia asilimia 10. Nusu yake itoke siku ya makabidhiano, nusu iliyobaki baada ya miezi 12 ya matazamio, muda ambao mkandarasi hurekebisha kasoro zitakazojitokeza. Tunapendekeza 12 badala ya sita ili masika yapite juu ya bati lako.

Hakikisha pia amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kwamba daraja lake (yako saba kwa majengo) linaruhusu kazi ya thamani hiyo. Halafu nenda kwa muuza saruji wake ukaulize kama hulipa kwa wakati. Wenye maduka hujua kabla ya watu wote ni kampuni gani inayumba.

SWALI: Nina kampuni ndogo Ilemela. Kazi zipo, lakini malipo ya awali ya saiti mpya humalizia saiti ya zamani. Nifanyeje?
*Mkandarasi wa daraja la saba*

JIBU: Simamisha zabuni mpya kwanza. Kila saiti iwe na daftari lake na, ikiwezekana, akaunti yake. Gharama za ofisi zigawe: kama ni milioni 2 kwa mwezi na una saiti mbili, kila saiti inabeba milioni 1, hivyo ikichelewa miezi mitatu imekula milioni 3 za faida. Pima kazi pamoja na msimamizi wa mteja kila mwisho wa mwezi, msaini wote karatasi ya vipimo, na upeleke madai wiki hiyo hiyo. Kazi ya nyongeza usiianze kwa maneno ya simu, omba maandishi. Wengi hukosa malipo ya kazi waliyoifanya kweli kwa sababu hakuna karatasi.

SWALI: Nitajuaje nondo za milimita 12 ni kamili?
*Msomaji, Igoma*

JIBU: Zipime kwa mizani. Nondo ya 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na kilo 10.6 hivi, ya 10 kilo 7.4, ya 16 karibu kilo 19. Pima tano kwa pamoja ugawe kwa tano, na upime urefu pia, maana nyingine hukatwa. Tano za 12 zikitoa kilo 45 badala ya 53, zirudishe kabla hazijashushwa garini.