Maswali ya Wasomaji: Kona 57 na IST

SWALI: Dada habari za kazi, mimi niko Iringa, nina IST, likizo ya Desemba nataka niwapeleke watoto wawili na mama mkwe kuona maua ya Kitulo. Kila mtu ananiambia nipitie Chimala ila wengine wanasema gari dogo zile kona haliwezi. Nifanyeje?
Mama Wawili, Iringa

JIBU: Salama kabisa Mama Wawili. Desemba umelenga, maua ya Kitulo yanafuata mvua, ukienda Agosti utakuta nyasi kavu na baridi. Ila mvua hiyohiyo ndo inaharibu njia, kwa hiyo IST usiipandishe jamani, nakuomba. Kutoka Chimala kwenda Matamba kuna kona 57, kali, na pale udongo ukilowa gari ya chini inateleza kama iko kwenye sabuni. Njoo nayo kwa lami, Mafinga, Makambako, Igawa mpaka Chimala, uipaki gesti, halafu ukodi gari ya juu yenye foo wili na dereva wa hukohuko anayezijua kona.

Na mwambie asikimbie! Huo ni upande wa kaskazini wa mlima, ukisimama katikati ukageuka nyuma unaliona bonde lote la Usangu liko chini yako, majaruba ya mpunga yanang'aa maji, malori ya Tunduma yamekuwa madogo kama punje.

Mimi nilipanda na mama yangu, kona zote kafumba macho kashika kitenge mdomoni, tulivyofika juu akainama kwenye ua moja dogo la okidi akaliangalia weee, akasema hili tulikuwa tunachimba kiazi chake tunakula. Ni kweli, ndo chikanda hiyo, vilichimbwa sana kuuzwa Zambia, na ni sababu mojawapo Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Okidi tu ziko aina kama 45 kwa hiyo watoto waambie mapema, kuangalia na kupiga picha ruksa, kuchuma hapana.

Mama mkwe mbebee sweta zito na soksi, kule ni kama mita 2,600 na ukungu unashuka ghafla mchana. Kurudi mteremke jua bado lipo, dereva akae gia namba mbili, breki zikianza kunuka asimame zipoe kwanza, msione aibu kumwambia.