Mkanda wa alumini huingia kabla ya kioo

Msomaji mmoja wa Kakamega ameniandikia kuhusu Volkswagen Beetle ya zamani anayoifufua. Rangi imekauka, vioo vimerudishwa, na sasa amebaki na ile mikanda ya alumini inayong'aa kuzunguka kioo cha mbele. Imekataa kuingia. Fundi wake anataka kuipaka silikoni mgongoni, aibandike juu ya raba, gari litoke karakana kabla ya Ijumaa. Anauliza kama amruhusu.

Usimruhusu, ndugu yangu. Nakuambia hivyo kwa sababu mimi nilifanyiwa kitu cha aina hiyo na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Gari langu ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1967. Lilikuwa la baba, mwalimu wa shule kule Molo. Wakati ule Beetle haikuwa gari la kupigia picha. Ilikuwa imeshinda mbio za Safari zaidi ya mara moja miaka ya 1950, ikashinda tena 1962, na mwaka uliofuata Peugeot 404 ikaanza kutamba. Watu waliinunua kwa kuwa ilipita kwenye matope. Lakini baba aliithamini ile mikanda yake kuliko injini. Jumapili kabla ya kanisa aliifuta kwa flana, akianza na ule wa katikati ya boneti, kisha wa milangoni. Nilipoamua kulirudisha gari barabarani, nilisema ile mikanda ya asili itarudi pale pale ilipokuwa.

Karakana niliyoipelekea hapa Nakuru ilipaka rangi safi sana, hilo siwezi kukataa. Ila tundu zote za klipu za ubavuni zilizibwa kwa fila. Nilipouliza mikanda itashikwa na nini, fundi akanijibu, "Mzee, hiyo tunapiga skrubu tu. Haitoki milele." Kumbe alikuwa ameshatoboa mlango wa kushoto. Skrubu zilikuwa zimepita katikati ya mkanda wa baba, na kila zilipokazwa alumini ilikuwa imebonyea. Mvua za masika zilipofika, chini ya kila skrubu kulikuwa na mchirizi wa kahawia juu ya rangi mpya. Chuma kilichotobolewa bila kupakwa kinga hushika kutu upesi, na alumini ikigusana na chuma penye unyevu huanza kuliwa. Nililipia kazi hiyo pesa taslimu, na hakuna aliyeniomba msamaha.

Kazi ya kurekebisha niliimaliza nyumbani, mimi na mpwa wangu, na Desemba iliyopita gari hilo lilimbeba bibi harusi wetu kutoka Nakuru hadi Njoro. Wazee waliokuwa na Beetle zamani waliinama kuangalia mikanda kabla ya kumwangalia bibi harusi. Nilifurahi sana, sitaficha.

Sasa turudi kwenye kioo chako. Chukua raba ya kioo cha mbele uitazame kwa makini uone ilivyo: ina mfereji mmoja unaoshika kioo, mwingine unaokalia ukingo wa bodi, na wa tatu, mwembamba, uko upande wa nje. Huo wa tatu ndio nyumba ya mkanda. Kioo kikishakaa garini, raba inabanwa pande zote na mfereji huo unafunga midomo. Ndiyo maana fundi wako anahangaika. Mkanda unaingizwa raba ikiwa imevalishwa kioo, vyote viko mezani juu ya blanketi, kabla gari halijaguswa.

Hakikisha kwanza kwamba raba yenyewe ina mfereji huo. Zipo raba za Beetle zisizo nao, za modeli zisizokuwa na mapambo, na ukiagiza kwa simu kutoka kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road, Nairobi, unaweza kuletewa hizo na matatu bila mtu kukuambia. Omba picha ya upande wa nje.

Asubuhi zetu za Nakuru ni baridi na raba huwa ngumu, kwa hiyo ianike juani kwanza. Paka maji ya sabuni ndani ya mfereji. Grisi na mafuta ya injini weka mbali, maana huilainisha raba ikavimba. Anza na kona, kwa sababu kona ndiyo inayopinda mkanda vibaya. Funua mdomo wa raba kwa kijiti cha plastiki kisicho na ncha, ingiza ukingo mmoja wa mkanda, kisha sukuma ule mwingine kwa kidole gumba, kidogo kidogo, ukisogea mbele. Ukitumia bisibisi utachana raba au utaacha alama kwenye alumini ambayo haiondoki. Vipande viwili vikikutana, kile kifuniko kidogo cha kiungo kinafunika pengo. Kisha ndipo upitishe kamba kwenye mfereji wa bodi, ncha zikutane chini. Mmoja akae ndani akivuta kamba, mwingine nje akigonga kioo kwa kiganja.

Kwa mikanda ya ubavuni na boneti, piga picha na pima umbali wa kila tundu kabla gari halijaenda kwa mtu wa rangi. Likirudi, safisha tundu kwa mkono, paka praima ndani kwa brashi ndogo, weka klipu pamoja na raba zake, kisha bana mkanda juu yake kwa kiganja. Subiri rangi ikomae kwanza. Na kama mkanda ni alumini ya asili usiusugue kwa stili wulu, utaondoa ule mng'ao wa juu na haurudi kwa polishi.

Watu wetu tuna haraka ya kuliona gari likitembea, tukiona rangi inang'aa tunadhani kazi imeisha. Heshimu vitu vidogo. Mtu aliyekuachia gari alivitunza miaka yote hiyo, wewe unashindwaje wiki mbili?

Kwa hiyo mwambie fundi wako atoe kioo hicho leo. Kama raba ni mpya na ina mfereji, itatumika tena. Kama aliikata kwa kisu wakati wa kuingiza, agiza nyingine, na kabla ya kufunga upya angalia ukingo wa bodi kwenye kona za chini. Hapo ndipo Beetle nyingi huanzia kuoza, na kioo kikiwa nje ni rahisi kuzitibu.