Jibu: Mbwa mwenye gesi nyingi usiku

Habari, ndugu. Umesema mbwa wako hula mabaki ya fufu (ugali) na maharagwe jioni, akaongezewa maziwa, na usiku tumbo linanguruma hadi nyumba nzima inanuka.

Anza na maziwa: yaondoe kabisa, kwa kuwa mbwa wengi wakishakua hawawezi tena kumeng'enya sukari iliyomo. Kisha ondoa maharagwe na kabeji, ambavyo huchachuka tumboni. Hapa Bukavu mimi nilimhamishia wangu kwenye wali laini uliochemshwa pamoja na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wasiokaushwa, kutoka sokoni Kadutu, bila chumvi, bila mafuta, na hasa bila kitunguu, ambacho ni sumu kwa mbwa. Usibadilishe kwa siku moja: changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, la sivyo utamletea kuhara.

Mtazame pia anavyokula. Wangu alikuwa akimaliza sahani kabla sijanyanyuka, akimeza hewa pamoja na chakula. Niliweka katikati ya sahani jiwe safi, kubwa kuliko kinywa chake, akalazimika kulizungukia polepole. Mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku.

Lakini tumbo likivimba na kukaza, huku akijaribu kutapika bila kutoa kitu, usisubiri asubuhi wala usijaribu chakula chochote: mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, maana hali hiyo huua kwa saa chache.